Kijaluba Kilichovunjika Shingo

Katika karakana ile kila mtu alikuwa na jina la utani lililotokana na kazi yake, na mbunifu wao walimwita Bawaba. Wengine walidai ni kwa sababu alikuwa mwembamba na alishinda kutwa amejikunja juu ya meza ya kuchorea. Fundi wa kukata kalibu za kumiminia vifuniko, ambaye naye aliitwa Kalibu, alikuwa na maelezo yake mwenyewe.

"Huyu asipotiwa chai asubuhi," alisema, "analia kila anapoguswa."

Bawaba hakununa. Yako majina mabaya kuliko hilo, na hilo angalau lilisema kweli, maana kazi yake ilikuwa kubuni vijaluba vya vipodozi: vile visanduku vidogo vya kutia mkobani, chini poda, juu kioo, na nyuma bawaba ndogo kama jino la mtoto. Mnunuzi akikishika kijaluba hutazama rangi, hutazama nakshi, akafungua na kujitazama mwenyewe kidogo, akaridhika au asiridhike. Bawaba haitazamwi. Hukumbukwa siku inapokatika, poda ikamwagikia simu, funguo, na ile biskuti iliyosahauliwa mkobani tangu mwaka jana.

Kazi aliyojivunia kuliko zote aliiita Mapacha. Vijaluba vitatu, kimoja cha poda, kimoja cha rangi ya mashavu, kimoja cha wanja. Vyote vya duara, vyote vyeusi, ukubwa mmoja, uzito mmoja, na vyote kimya. Kwenye ukimya ndipo alipomwaga jasho. Alikaa na tupa akilainisha ulimi wa komeo, akapiga, akapangusa, akasikiliza, mpaka kifuniko kikawa kinashuka kama kope la mgeni aliyeshiba. Ukikifunga, husikii kitu. Bosi alivipenda, wateja wakavipenda, na seti ya kwanza kabisa Bawaba alimpelekea shangazi yake.

Sasa huyo shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea, baada ya wazazi kuondoka duniani mmoja baada ya mwingine kama watu waliopatana. Alikuwa mpambaji kwenye saluni moja, mwanamke mwenye mashavu ya kucheka na ulimi usiolala, na alikuwa na sheria moja tu maishani: hatoki nje bila uso wake. Nyumba ingeshika moto, angesema, "Ngojeni kwanza, nimebakiza jicho moja." Hata alipoacha kazi hakuiacha saluni. Kila Jumamosi alikwenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri, hasukwi, haoshwi, amekaa tu na mkoba mapajani, na akirudi jioni anajua nani amechumbiwa, nani ameachika, na nani anajifanya hajaachika.

Macho yake yalikuwa yanafifia, lakini hilo alilificha kama watu wanavyoficha umri. Akimwaga chai, kikombe ndicho kilichokaa vibaya. Akimpita mtu bila kumsalimu, huyo mtu alikuwa na maringo tangu zamani.

Halafu ikaja sherehe ya kumuaga jirani aliyestaafu. Shangazi alifungua Mapacha wake, akajipaka, akajitanda vizuri, akaenda. Aliingia ukumbini na uso mzima, kuanzia paji mpaka kidevu, umekolea rangi ya mashavu. Alikuwa mwekundu kama nyanya iliyopitiliza siku ya soko. Watu walijitahidi. Lakini kitoto fulani, vitoto havijui kujitahidi, kikauliza kwa sauti, "Mama, yule bibi ameungua?"

Shangazi alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akarudi nyumbani, akanawa, akavitia vijaluba vitatu kwenye droo ya meza, na tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti. Saluni hakwenda. Duka la jirani hakwenda. Mkoba ulining'inia nyuma ya mlango kama koti la mtu aliyesafiri. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kitakachobaki ni mwanga na kivuli tu. Lakini kilichomfungia ndani si macho, ni ile sauti ya kitoto.

Bawaba alilijua jambo moja ambalo hakuna aliyemwambia. Vijaluba vitatu, ukubwa mmoja, uzito mmoja, vyote kimya. Mwenye macho mazima mwenyewe ilimbidi asome kibandiko. Uzuri aliousifia kwa Bosi ndio uliomfanya shangazi yake kichekesho mbele ya watu.

Jioni moja alimkuta amekaa dirishani, uso mtupu.

"Shangazi, nakutengenezea vingine."

"Vingine vya nini? Hivi vimeharibika?"

"Vimenishinda mimi. Nitavifanya uvijue kwa kuvishika tu."

"Usinionee huruma, mwanangu. Nyumba yenyewe ndogo, sina pa kuiweka."

"Si huruma, ni kazi."

"Kazi?" Shangazi aligeuza shingo. "Basi kama ni kazi, fanya vizuri. Maana hivi vyako vya kwanza, samahani, ukifunga hujui kimefunga au kimenuna."

Maneno hayo Bawaba aliondoka nayo. Kimefunga au kimenuna! Miaka yake yote ya kupigana na kelele, kumbe kule gizani kelele ndiyo taa.

Asubuhi alikwenda kwenye meza ya Kalibu, akasimama, akazungukazunguka kama mtu anayetaka kukopa.

"Kaka, nataka komeo linalosema."

Kalibu aliweka chini tupa yake taratibu. "Rudia."

"Linalosema. Tena matatu, kila moja na sauti yake."

"Miaka yote umenipigia kelele nikupe kimya," alisema Kalibu, "leo umenijia kimyakimya kutaka kelele. Chai umekunywa?"

Lakini alikuwa fundi, na fundi ukimpa jambo la ajabu humalizi kueleza tayari mikono inamwasha. Walikaa saa za mapumziko wakijaribu. Komeo la poda walilipa jino moja kali: tak. La rangi ya mashavu meno mawili yanayofuatana: tak-tak. La wanja ndilo lililowasumbua, mpaka Kalibu akakata vijino vidogovidogo kwenye pini ya bawaba yenyewe, ikawa kifuniko kinapopanda kinakoroma: krrr. Wakaangaliana, wakacheka, wakavifungua na kuvifunga mpaka Bosi akatoa kichwa ofisini kuuliza nani ameleta chura.

Kilichobaki ni uzito. Kijaluba kizito kinateleza kwenye kidole gumba cha mtu mzima. Bawaba alitazama mchoro wake, akatafuta cha kupunguza, na jibu likawa limekaa palepale linang'aa. Kioo. Kioo ndicho kizito kuliko vyote. Kinataka kifuniko kinene, kifuniko kinene kinataka bawaba pana, bawaba pana inataka pini nene. Ukitoa kioo, vyote vinapungua. Na huku anakitoa kwenye mchoro, alijisikia mwerevu. Kwa mtu yule, alijiambia, kioo ni mzigo tu.

Nyani haoni kundule, na hapo hata kioo angekuwa nacho asingeliona.

Siku alipovipeleka, Shangazi alivipokea kwa mikono miwili. Alikifungua cha kwanza. Tak. Nyusi zikapanda.

"Poda," alisema Bawaba.

"Nyamaza. Kimeshajitambulisha." Tak-tak. "Huyu ni mashavu, ana haraka." Krrr. Shangazi aliangua kicheko, kile chenyewe, cha zamani. "Na huyu mzee anayekoroma ni wanja! Ee mwanangu, umeniletea familia nzima."

Alivicheza kama ngoma. Alifumba macho, akavichanganya mapajani, akavitaja kimoja kimoja bila kukosea, na kila alipopatia alimpiga Bawaba kibao cha paja kama vile Bawaba ndiye anayefanyiwa mtihani. Bawaba alianza kufikiria Jumamosi na lile benchi la saluni.

Kisha kidole gumba cha Shangazi kikapanda, kama kilivyozoea kupanda miaka yote, kikaingia ndani ya kifuniko. Kikapita kulia. Kikarudi kushoto. Kikasimama.

"Kioo kiko wapi?"

"Nimekitoa, shangazi. Ili kiwe chepesi."

"Chepesi."

"Ndiyo. Kioo kinaongeza uzito, na... yaani niliona..."

"Uliona nini?"

"Lakini shangazi..."

"Lakini shangazi nini? Malizia."

Bawaba alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi kabisa, linajulikana na wote wawili, limekaa baina yao kama mgeni wa tatu. Halikutoka.

Shangazi alifunga vijaluba, kimoja baada ya kingine. Tak. Tak-tak. Krrr. Akavirudisha mikononi mwa Bawaba na kumfunga vidole juu yake.

"Warudishe. Hawa wana sauti nzuri, lakini wamezaliwa bila jicho. Mmoja ndani ya nyumba hii anatosha."

Aliinuka, akaenda jikoni huku akipapasa ukuta, na alichokuwa anakitafuta huko hakikujulikana, maana alirudi mikono mitupu baada ya Bawaba kwisha kuondoka.

Kwa siku kadhaa Bawaba alikasirika. Alijitetea kwa meza, kwa tupa, kwa dirisha. Kioo cha nini? Ubishi tu! Mtu mzima akishikwa na maringo hata daktari hamwachishi. Alimwambia Kalibu, na Kalibu akasema, "Mimi nina mke na dada watano. Jambo likihusu kioo, sina maoni."

Jumamosi akaenda saluni. Alitaka kumwomba msusi, rafiki wa shangazi yake tangu ujana, aje nyumbani kumshawishi. Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, hakugeuka.

"Keti kwenye benchi, mwanangu, nikimaliza hapa nikutengeneze na wewe. Maana hizo nywele, shangazi yako angezi..." Akajikwaa. "Angezigusa, angelia."

Bawaba alikaa. Benchi lilikuwa refu, limeegemea ukuta wa nyuma, mbali na vioo vikubwa vya kwenye viti. Wanawake wanne walikuwa wamekaa hapo, na wote wanne walikuwa wameinamia simu. Mmoja aliinua ya kwake mbele ya uso, akajitazama humo, akarekebisha rangi ya mdomo, akaishusha. Hakuna aliyesema neno. Feni tu ilikuwa inazunguka na kulalamika.

"Siku hizi kumepoa," alisema Bawaba alipofika kwenye kiti.

"Kumepoa? Kumekufa! Tangu shangazi yako aache kuja, hilo benchi ni kituo cha wagonjwa." Msusi alichana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Zamani kila anayekuja akikaa, la kwanza, 'Shangazi, niazime kioo.' Kila mtu alijua anacho. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi."

"Hodi ya nini?"

"Ya kusema! Kwani wewe hujui alivyokuwa anakishika? Hakumpa mtu mkononi hata siku moja. 'Kioo changu hakitoki mkononi mwangu,' anakwambia. Anakishika yeye, wewe unasogea. Sasa ukisogea, mko pua kwa pua, unajitazama, na yeye anakutazama wewe. 'Mbona macho yamevimba hivi?' Basi, kwisha habari yako. Mimi mwenyewe nilimwambia ya mume wangu huku najipaka wanja. Nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu."

Chanuo lilimvuta Bawaba kichwa nyuma.

Miaka yote aliyoishi na yule mwanamke, alidhani kile kioo kilikuwa cha shangazi kujitazama. Sasa akakumbuka mwenyewe. Alikuwa mtoto wa shule, ameanguka mtihani, amejifungia chooni. Shangazi hakugonga kwa ukali. Alisema tu nje ya mlango, "Toka, njoo ujitazame, una kamasi mpaka kwenye sikio." Bawaba akatoka. Kijaluba kikafunguliwa mbele yake, mkono wa shangazi nyuma ya kioo. Na huku anajipangusa, akasema yote.

Kumbe hicho ndicho alichokitoa ili kupunguza uzito.

"Vipi, nimekuumiza?" aliuliza msusi.

"Hapana. Endelea."

Jumatatu kioo kilirudi kwenye mchoro. Lakini Bawaba hakuridhika kukirudisha tu. Kioo cha kijaluba humtazama aliyekishika. Ndivyo vyote vilivyo. Ukitaka mwenzako ajione, itabidi ukigeuze, poda iangalie nje, na mtu asiyeona akikigeuza, poda yote mapajani. Alichora. Akafuta. Akachukua daftari la zamani, akalifungua, akalikunja jalada mpaka likagusana mgongo na jalada la pili, akalishika hivyo, akalitazama kwa muda mrefu.

Akaenda kwa Kalibu.

"Kaka, kile kifuniko kinachopitiliza nyuma, mnakiitaje?"

"Kilichovunjika shingo. Tunatupa."

"Nakitaka."

"Unakitaka kimevunjika?"

"Shingo yote. Kipinduke mpaka kikae mgongoni mwa sehemu ya chini. Poda inamwangalia mwenye nacho, kioo kinamwangalia wa mbele."

Kalibu alijikuna kidevu. Karakana ile ilikuwa na pipa zima la vifuniko vilivyopitiliza. Kazi yao kubwa ilikuwa kuvizuia. "Bawaba moja haiwezi," alisema hatimaye. "Itataka mbili, mgongo kwa mgongo, na kitu kati yao. Kama goti na nyonga." Akavuta kiti. "Chai umekunywa? Basi agiza ya watu wawili, hii ni kazi."

Kilipomalizika hakikuwa chepesi, na hakikuwa kizuri sana. Nyuma kilikuwa na nundu pale bawaba mbili zilipokutana. Bosi alikigeuza mkononi, akasema kinafanana na kobe, akauliza nani atanunua. "Bado sijui," alisema Bawaba, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kusema hivyo.

Shangazi hakukipokea. Ilibidi Bawaba akiweke mapajani mwake na kukaa chini, sakafuni, kama alivyokaa utotoni akisukwa.

"Nini hiki? Kina kibiongo."

"Fungua."

Tak. Kidole gumba kikapanda chenyewe. Kikagusa kioo. Kikakaa hapo.

"Kimerudi," alisema Shangazi.

"Sukuma kifuniko nyuma."

Shangazi alisukuma, kikafika pale vifuniko vyote hufika, kikaendelea. Aliachia kama ameungua. "Nimekivunja!"

"Hujakivunja. Endelea tu."

Akasukuma tena, pole pole, kikapinda, kikapinduka, mpaka kikalala mgongoni mwa mwenzake. Vidole vikatafuta. Huku poda. Huku, upande wa nje, kioo. Alikigeuza, akakirudisha. Bawaba aliona tu mgongo wa shangazi yake ukinyooka, mkono ukanyanyuka kama unavyonyanyuka mkono wa mtu mwenye kazi yake, na kijaluba kikasimama mbele ya uso wa Bawaba, chini kidogo.

"Sogea," alisema Shangazi.

Bawaba alisogea. Alijiona: vumbi la tupa puani, macho mekundu, nywele za msusi zilizokwisha kuvurugika.

"Unaonekanaje?"

"Vibaya."

"Hilo nililijua, harufu ya mafuta ya mashine tu inatosha. Na sauti yako tangu wiki iliyopita inatembea kwa magongo. Una nini?"

Basi yakatoka. Yalitoka huku anajipangusa vumbi: Mapacha, ukimya, ile sherehe, kwamba ni yeye aliyemtia midomoni mwa watu. "Nilitengeneza vitatu vinavyofanana kwa sababu vilipendeza machoni mwangu," alisema. "Halafu nikatoa kioo kwa sababu... kwa sababu huoni, shangazi."

"Sioni," alisema Shangazi. "Haya, umelisema. Dari imeanguka?"

Bawaba alitazama dari, kweli kabisa, akacheka na machozi yake.

"Wakubwa walisema mwenye macho haambiwi tazama," alisema Shangazi. "Mimi sasa niambieni. Lakini niambieni, msinitolee vitu kimyakimya. Sasa lete na wale ndugu zake wawili. Na hao wape kioo."

Jumamosi Shangazi alijipaka mwenyewe. Bawaba alikaa mbele yake, mikono ameikalia ili isisaidie. Tak. Tak-tak. Krrr.

"Sema."

"Poda sawa. Mashavu sawa. Wanja wa kushoto umepanda kidogo."

"Umepanda kuelekea wapi?"

"Kwenye nyusi."

"Uache, unaijua njia."

Saluni ilikuwa kama Bawaba alivyoiacha: feni inalalamika, benchi limeinamia simu. Msusi aliwaona, akafunika mdomo kwa chanuo, lakini Shangazi alikuwa ameinua kidole kumzuia asipige kelele. Alilipapasa benchi, akaketi katikati, mkoba mapajani. Hakumsalimu mtu. Alitoa kijaluba.

Tak, akafungua. Tak, akafunga. Tak.

Msichana wa pembeni aliinua macho, akayarudisha kwenye simu. Ilikuwa imezimika mkononi mwake. Alikuwa ameinamia kioo cheusi tu. Tak. Aliinua tena, akamtazama yule mama mwenye wanja uliopanda, akatazama kitu chenye kibiongo alichokishika.

"Samahani, mama. Hicho kina kioo?"

Shangazi alikwisha kukipindua.

"Kinacho," alisema. "Sogea."